Farasi Wako Jangwani, na Nani Anashika Majibu

Wasee, ebu fumbeni macho kidogo. (Sawa, msifumbe, mtasoma vipi.) Uko jangwani. Mchanga tu, kila upande. Mbele yako kuna mchemraba, yaani boksi lenye pande sita zinazolingana. Ni kubwa kiasi gani? Limetengenezwa na nini? Limekaa kwa mchanga ama linaelea? Karibu na hilo boksi kuna ngazi. Halafu kuna farasi. Mahali fulani kuna maua. Na huko mbali dhoruba inakuja.

Ukishamaliza kuona yote, yule aliyekuuliza anakupa majibu. Boksi ni wewe. Likiwa kubwa, unajiona sana. Likiwa la kioo, huna siri. Ngazi ni marafiki wako, na kama imeegemea boksi basi wanakutegemea. Farasi ni mpenzi wako. Maua ni watoto. Dhoruba ni shida zako, na kama iko mbali, hongera, maisha yako ni shwari.

Huu mchezo umezunguka sana kwa video na kwa magrupu ya WhatsApp. Nimeona wapenzi wakinuniana wikendi nzima juu ya farasi ambaye hayupo. Msee anasema farasi wake amefungwa kamba, mrembo anauliza, "Kwa hivyo mimi ndio umenifunga?" Mwingine farasi wake alikuwa anaondoka, na hapo ndio ikawa kesi.

Wengi hudhani ni kitu cha kale, ati hekima ya jangwani. Kitabu kilichousambaza sana kilitoka Marekani mwaka 1995, kinaitwa The Cube, cha Annie Gottlieb pamoja na Slobodan Pešić, mtengenezaji filamu kutoka Yugoslavia. Huko Japani nao, Tadahiko Nagao na profesa Isamu Saito walitoa mfululizo wa vitabu vya michezo ya aina hii, wakauita Kokology. Kwa hivyo hekima ya mababu imepita kwa duka la vitabu kwanza.

Mimi siuchukii huu mchezo. Na siamini ni upuzi mtupu. Ile picha inayokuja kichwani mwako ni yako, hakuna mtu mwingine angeiona vile umeiona. Shida yangu ni majibu. Majibu si yako, mtu aliyaandika kabla hajakujua. Na ukifuata historia ya hizi picha za kichwani, unakuta kila mara swali la maana ni hilo hilo: nani anashika karatasi ya majibu?

Tuanze na kwa nini majibu huonekana ya kweli. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, alipea wanafunzi wake 39 jaribio la kupima tabia. Baadaye kila mmoja akapata karatasi yake ya siri, yenye maelezo ya tabia yake. Akawaomba waipe alama, 0 hadi 5, vile imewagusa. Wastani ulikuwa karibu 4.3. Manze, karibu wote waliona wamesomwa hadi ndani. Ila karatasi zote zilikuwa sawa, neno kwa neno. Forer alikuwa ametoa hizo sentensi kwa kitabu cha unajimu. Ni zile sentensi za kusema unahitaji kupendwa lakini unajikosoa sana, kwa nje umetulia lakini ndani una wasiwasi. Sasa nani hana wasiwasi ndani? Mimi nikiambiwa boksi langu la chuma ni dalili kwamba naficha uchungu, nitakubali, kwa sababu kuna uchungu naficha. Hata wewe. Hata yule anayetuuliza.

Kuna watu waliochukua hizi picha kwa uzito kuliko hivyo, na wa maana zaidi ni Hermann Rorschach. Huyu alikuwa daktari wa magonjwa ya akili huko Uswisi, baba yake mwalimu wa kuchora. Akiwa shuleni wenzake walimpa jina la utani Klex, yaani doa la wino, kwa sababu watoto wa wakati ule walikuwa na mchezo wa kumwaga wino kwa karatasi, kuikunja katikati, kisha kuangalia limetokea dubwana gani. Mwaka 1921 akachapisha kitabu chenye kadi 10 za madoa: zingine nyeusi na kijivu, mbili zina wekundu, tatu zina rangi nyingi. Alikuwa amewaonyesha mamia ya watu, wagonjwa na wazima.

Kitu ambacho watu hawajui ni kwamba Rorschach hakuwa na karatasi ya aina ya "popo ni kifo, kipepeo ni furaha". Hakujali sana umeona nini. Alijali umeona vipi. Umechukua doa zima ama kipande tu? Umefuata umbo ama rangi? Hiyo kitu umeona imetulia ama inatembea? Yeye mwenyewe alisema hili ni jaribio la jinsi mtu anavyotambua vitu, na kwamba kazi bado ni changa. Halafu mwaka uliofuata, Aprili 1922, appendiksi yake ilioza, akafa na miaka 37. Kadi zikabaki, mwenyewe hayuko. Waliozirithi, hasa Marekani, walikuwa na haraka kumliko. Zikaingia hospitali, jeshi, korti, ofisi za kuajiri.

Halafu zikaingia Nuremberg. Mwaka 1945, vita vimeisha, wakubwa wa Hitler wamefungwa wakisubiri kesi. Daktari Douglas Kelley na mwanasaikolojia Gustave Gilbert, wote wa jeshi la Marekani, wakapeleka zile kadi gerezani. Dunia nzima ilitaka kujua ndani ya kichwa cha hawa watu kuna nini. Hermann Göring, nambari mbili wa Hitler, alizifurahia, akacheka. Alipofika kwa kadi yenye madoa mekundu, akayapiga kwa kidole kama mtu anayepangusa uchafu. Gilbert akakaa na hiyo ishara kwa muda mrefu. Baadaye akamwambia Göring usoni: ulijaribu kufuta damu kwa kidole.

Aki, hiyo ni nzuri. Ukiisoma unasisimka. Lakini jiulize: kama kadi ile ile ingepewa muuza mboga wa Gikomba na akaipiga kwa kidole, ungesema ni damu? Ungesema anafuta doa. Gilbert alijua anaongea na nani kabla hajafungua kadi. Na wale wawili, wenye majibu ya watu wale wale mkononi, hawakukubaliana. Gilbert aliona watu wenye kasoro ya roho. Kelley akaandika kwamba watu kama hao unaweza kuwapata popote, hata kwao Marekani, na hiyo haikumpatia marafiki. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Molly Harrower alichukua majibu ya wale Manazi, akayachanganya na ya watu wengine, akaondoa majina, akawapa wataalamu. Wataalamu hawakuweza kuwachambua Manazi. Ukiondoa jina, damu inarudi kuwa wino.

Wakati huo Loren na Jean Chapman, mtu na mkewe huko Marekani, walikuwa washaonyesha vile huu uchawi unafanya kazi. Kulikuwa na jaribio la kuchora mtu, na wataalamu waliapa kwamba anayechora macho makubwa ni mtu wa kushuku wenzake. Wakina Chapman wakachukua michoro, wakaibandika maelezo ya tabia bila mpango wowote, kama kuchanganya karata, wakaonyesha wanafunzi ambao hawajasomea hizo vitu. Kisha wakauliza: mmegundua nini? Wanafunzi wakasema, anayeshuku huchora macho makubwa. Haikuwa kwa zile karatasi, ilikuwa kwa vichwa vyao. Jicho na kushuku tayari vinakaa pamoja kwa mawazo ya watu, ndio maana mtaalamu mwenye miaka 20 kazini aliona kitu kile kile mwanafunzi wa juzi alikiona.

Hapa lazima niseme yangu. Mwaka juzi niliitwa mahojiano ya kazi hapa Nairobi, kampuni sitaitaja. Baada ya maswali ya kawaida, madam mmoja akanipa karatasi na kalamu, akasema, "Nichoree mti wa matunda." Kwetu ni Kilifi. Mti wa matunda ulionijia ni mnazi. Nikachora shina refu limeinama kidogo, makuti juu, nazi tatu. Nilijisikia msanii.

Madam akaangalia. "Mti wako hauna matawi."

"Huo ni mnazi, madam."

"Naona. Lakini hauna matawi. Na shina limepinda." Akaandika kitu.

Kazi sikupata. Siwezi kuapa ni juu ya mnazi, pengine aliyepata alinizidi. Ila nilienda kutafuta hiyo kitu ilitoka wapi. Ni jaribio la mti la Karl Koch, Mswisi mwingine, lililochapishwa mwaka 1949, na mwongozo wake kweli huomba mti wa matunda. Matawi husomwa kama vile unavyowafikia watu, na shina kama uti wa tabia yako. Sasa Koch alikuwa anaishi mahali mti wa matunda ni mtofaa. Mtu wa Kilifi akichora mti usio na matawi hajakuonyesha upweke wake. Amekuonyesha kwao.

Na kwetu Pwani hizi mambo si ngeni, ndio maana zinaniuma zaidi. Ndoto husomwa huko tangu zamani. Jina linalotajwa sana ni la Ibn Sirin wa Basra, mwanazuoni wa karne ya 8, na vijitabu vya tafsiri za ndoto vyenye jina lake bado vinauzwa, ingawa vingi viliandikwa na watu waliokuja nyuma yake. Kuna kisa kinasimuliwa. Mtu alimjia akasema ameota anaadhini. Ibn Sirin akamwambia, utaenda kuhiji. Akaja mwingine na ndoto ile ile. Akamwambia, wewe utashikwa kwa wizi. Watu wakashangaa. Akaeleza kwamba kwa Qur'ani kuna mwito wa Ibrahimu kuita watu Hija, na kuna mwito uliowaita ndugu zake Yusufu wezi. Yule wa kwanza alimwona ni mtu mwema, wa pili hakumwona hivyo.

Kisa hiki kina pande mbili na zote nazikubali. Upande mmoja kinasema alama haina maana moja, lazima umjue mwenye ndoto kwanza. Hiyo ni akili kuliko ile karatasi ya madam. Upande wa pili, angalia nani aliamua huyu mwema huyu mwizi. Yule aliyekaa mkekani kusoma. Kama alikukosea kwa macho, hata adhana yako inakuwa ushahidi dhidi yako.

Sasa twende Mathari, hapo Thika Road. Mwaka 1938 hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari ilipata mkubwa mpya, daktari Mwingereza anaitwa John Colin Carothers. Alikuwa amekaa Kenya karibu miaka 10 kama daktari wa kawaida. Magonjwa ya akili hakuwa amesomea wakati anachukua kazi. Alikaa hapo hadi 1950, na kutoka kwa waliofungwa kwenye hizo wodi akatoa nadharia ya kichwa cha Mwafrika mzima, wote, bara zima. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alikuwa tayari ameandika kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Huyo ndiye alikuwa mtaalamu.

Hapo ndipo hii stori inaacha kuwa mchezo wa boksi. Mau Mau ilipowaka, serikali ya kikoloni ikamtafuta huyu huyu aieleze. Ripoti yake, The Psychology of Mau Mau, ilichapishwa Nairobi na mpiga chapa wa serikali mwaka 1954. Fikiria vile kiapo kilikuwa: watu wanapita usiku chini ya tao la migomba, nyama ya mbuzi, maneno yanayorudiwa. Hiyo ni alama juu ya alama. Ungewauliza wenyewe maana yake, walikuwa na maneno mawili tu: ithaka na wiathi, ardhi na uhuru. Kila mtu alijua shamba gani lilichukuliwa na nani. Carothers akatazama tao lile lile akaona wasiwasi wa watu walioachana na mila kabla hawajafika kwa ustaarabu. Ugonjwa, yaani. Na mgonjwa haulizwi anataka nini, anatafutiwa dawa. Ripoti iliunga mkono kuwahamisha Wakikuyu kwenye vijiji vya pamoja. Haikuwa yeye peke yake, jeshi lilikuwa na sababu zake, lakini zaidi ya watu milioni 1 waliishia kwa hivyo vijiji, vyenye mitaro na ulinzi na amri ya kutotoka nje. Wengine mlio hapa, nyanya zenu walizaliwa huko. Waulizeni.

Miaka miwili baada ya ripoti, upande ule mwingine wa Afrika, kuna daktari alifanya kinyume. Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alikuwa anafanya kazi hospitali ya Blida, Algeria, nchi ikiwa chini ya Ufaransa na vita vya uhuru vimeanza. Kuna jaribio lilikuwa maarufu, lilitengenezwa Harvard na Christiana Morgan na Henry Murray. Unaonyeshwa picha ya watu, unaambiwa tunga hadithi: hapa kunaendelea nini, kabla ilikuwaje, itaishaje? (Morgan alichora baadhi ya hizo picha, halafu toleo la 1943 likatoka na jina la Murray. Hiyo ni posti nyingine.) Fanon na mwenzake Charles Geronimi wakawapa hizo kadi wanawake Waislamu wa hospitalini.

Wanawake wakatulia. Wakahesabu vitu vilivyo kwa picha, huyu mtu, hii meza, basi. Hadithi hazikuja. Daktari wa aina ya Carothers angeandika hapo hapo: hawana ubunifu, akili fupi, kesi imeisha. Nina uhakika wengi waliandika hivyo. Fanon na Geronimi wakaangalia kadi badala ya kuangalia wanawake. Nyumba za kwenye picha ni za Wazungu, nguo ni za Wazungu, vile watu wamesimama mwanamume na mwanamke ni vya huko. Unaniambia nitunge maisha ndani ya nyumba ambayo sijawahi kukanyaga, ya mtu anayenitawala.

Lakini ile seti ina kadi moja tofauti, nambari 16. Ni nyeupe. Haina kitu. Unaambiwa jionee picha mwenyewe halafu usimulie. Walipofika hapo, wanawake wale wale walifunguka. Wakasimulia, na hadithi zilikuwa ndefu na zimejaa watu na vitu wanavyovijua.

Fanon na Geronimi walipeleka matokeo kwa mkutano wa madaktari huko Ufaransa mwaka 1956. Mwisho wa mwaka huo Fanon akaandika barua ya kuacha kazi, na Januari 1957 wakamfukuza Algeria. Kitabu chake cha mwisho kilitoka 1961, mwaka aliokufa akiwa na miaka 36, na kwenye sura kuhusu vita na magonjwa ya akili anamtaja daktari Carothers wa Kenya kwa jina.